Jinsi ya kuwasimulia watoto Watership Down kwa Kiswahili, jioni za baridi huku Mbeya

Jamani msimu ndo huu. Uyole usiku ukitoka nje meno yanagongana, watoto wako likizo ya mwezi wa sita, na ikifika saa moja jioni wote wamejazana jikoni kwa bibi yao wanagombania nafasi karibu na jiko. Mimi nimeshawasimulia watoto wa dada zangu Watership Down, kile kitabu cha Kiingereza cha sungura wanaohama kwao, mara mbili mpaka mwisho, kwa Kiswahili, na naandika hapa nilivyofanya ili mjomba au shangazi mwenye hicho kitabu kabatini akitoe.

Kwanza ujue imetoka wapi, maana ndo inakwambia uifanyeje. Richard Adams alikuwa mtumishi wa serikali Uingereza, siku moja wako kwenye safari ndefu ya gari na binti zake wawili, Juliet na Rosamond, wakamwambia baba tupe hadithi ambayo hatujawahi kuisikia, akaanza palepale huku anaendesha, sungura wawili ndugu, Hazel na Fiver. Akaendelea kuwasimulia, na hao mabinti ndo waliomng'ang'ania mpaka akaandika. Wachapaji kadhaa wakaikataa, mwisho ikatoka 1972 kwa mchapaji mdogo wa London, Rex Collings, na mpaka leo watu wanaisoma. Kwa hiyo hii hadithi ilianzia mdomoni, kwa watoto wawili waliochoka na safari. Ukiisimulia jikoni kwa Kiswahili hujaipunguza, umeirudisha ilikozaliwa.

Mara ya kwanza nilikosea. Nilishika kitabu, nasoma sentensi ya Kiingereza halafu natafsiri, nasoma tena natafsiri, kurasa mbili hazijaisha watatu wamelala na mkubwa anachezea simu. Kitabu kisionekane kabisa usiku. Soma mwenyewe mchana sura mbili, funga, tembea nazo kichwani ukiwa unapalilia au uko kwenye daladala, usiku simulia kilichobaki kichwani, maana kilichobaki ndo chenyewe. Zipo sura 50 na kipande cha kumalizia, mbili mbili kwa usiku unapata siku 25 hivi, likizo inatosha. Na anza kama hadithi zetu zote zinavyoanza, hadithi hadithi, wao waitikie hadithi njoo uongo njoo utamu kolea, usione aibu eti kitabu ni cha Wazungu.

Sasa hapa kuna jambo ambalo usipoliweka sawa siku ya kwanza watakubishia mpaka mwisho, na watakuwa na haki. Sungura wa porini huku kwetu hachimbi shimo. Analala juu kwenye nyasi, kajilaza kwenye kibonde chake, na watoto wake wanazaliwa na manyoya na macho wazi. Sungura wa kitabu wanaishi chini, ukoo mzima kwenye mashimo yaliyounganishwa, na watoto wanazaliwa vipofu hawana hata unyoya. Mpwa wangu wa miaka tisa aliniambia anko sungura hana shimo, shimo ni la panya. Nikamtoa nje na tochi mpaka kwenye banda la jirani, nikamuonesha jike limejing'oa manyoya ya kifuani limetengeneza kiota na vitoto vyekundu vinatetemeka ndani, nikamwambia huyu wa kufugwa asili yake ni Ulaya, ndo ndugu yake Hazel, na ukimwachia kwenye udongo atachimba. Alirudi jikoni akawaeleza wenzake yeye mwenyewe, mimi nikanyamaza. Kama jirani hana sungura simbilisi hawasaidii, hao hawachimbi, bora uchore sakafuni kwa mkaa.

Majina ukiyaacha yote kwa Kiingereza watoto wadogo yanawapotea. Mimi Hazel nilimwacha Hazel, ni jina la mti tu na linatamkika. Bigwig ana kishungi cha nywele kichwani, basi akawa Kishungi, na wakampenda siku hiyohiyo. Fiver ndo utamu, maana sungura wa Adams wanahesabu mpaka nne tu, ikizidi nne wanasema hrair, yaani wengi, elfu. Fiver ndo mdogo kabisa kwenye uzao uliozidi wanne, kwa hiyo kwa lugha yao ni kama mtu anaitwa Kaelfu, kadogo ka mwisho kwenye kundi lisilohesabika. Nilichukua maharage nikayapanga chini, moja, mbili, tatu, nne, la tano nikaweka nikasema elfu. Wakacheka sana, halafu wiki nzima nyumbani watu wanahesabu hivo, mandazi mangapi, elfu. Nikamwita Kaelfu na mpaka leo ndo jina lake kwetu.

Kuna maneno mengine ya sungura msiyatafsiri. Gari wanaliita hrududu, na mtoto anayeongea Kiswahili halimpi shida kabisa, sisi wenyewe tulisikia mlio tukasema pikipiki, tukasema tukutuku. Tharn ni ile sungura anaogopa mpaka anaganda, na yeyote aliyesafiri usiku barabara ya Tunduma ameshaona sungura kaduwaa kwenye taa za gari. Sema tharn halafu kaa kimya ukiwa umetoa macho. Inatosha.

Siku ya kwanza Kaelfu anaona bango jipya kwenye ubao limechomekwa shambani, hawezi kulisoma, anaona tu majani yote yamejaa damu. Bango linasema hapo patajengwa nyumba. Hazel anampeleka kwa mkuu wa sungura, mzee anawasikiliza kwa upole na hafanyi kitu. Wakati nasimulia hapo binti wa dada yangu mkubwa akasema kama ile X. Maana huku kando ya barabara kuu kila mtoto anaijua alama ya X nyekundu ukutani, anajua nyumba yenye X haitakuwepo. Nilikuwa nimejiandaa kueleza mambo ya Uingereza, nikayaacha yote nikasema ndiyo, kama X, ila hawa hawajui kusoma, mmoja tu ndo ameisikia mwilini. Hapo ndo niliona kwa nini hiki kitabu hakizeeki, woga wake hauna nchi. Wewe ukifika hapo usikimbie, acha watoto walete X zao wenyewe.

Wachache wanamwamini Kaelfu, wanahama kwenda kutafuta makazi mapya. Safari yenyewe ipite haraka, mto, msitu, mbwa aliyefunguliwa. Umbali wote kwa mstari ulionyooka haufiki kilomita 15, waambie ni kama mjini Mbeya kuja Uyole na kidogo mbele, lakini kwa mnyama mwenye urefu wa kiatu. Na kilima cha Watership Down wanakofikia kipo kweli, Hampshire huko Uingereza, kina mita 237 tu juu ya bahari, wakati sisi hapa jikoni tumekaa mita zaidi ya 1,700. Wanapenda kusikia hiyo.

Punguza mwendo kwenye shimo la Cowslip, sungura anayewakaribisha njiani. Ni sungura wanene, wanapendeza, wana adabu, kila siku mwenye shamba anawatupia karoti, hawapigani na mtu. Ila ukiuliza fulani yuko wapi, wote wanabadilisha maneno. Simulia taratibu mno, mtoto agundue mwenyewe kabla hujasema. Halafu Kishungi ananasa kwenye kitanzi cha waya.

Hapo mimi nilileta vifaa. Nilichukua waya wa breki wa baiskeli ya zamani, nikatengeneza kitanzi, upande wa pili nikafunga kwenye kigingi, kigingi nikakichomeka kwenye udongo nje ya mlango wa jiko. Mwenye miaka kumi na mbili akaingiza mkono (mkono jamani, siyo shingo, na wewe mkubwa ushike waya). Nikamwambia vuta utoke. Akavuta, waya ukakaza. Akavuta tena, ukakaza zaidi, ngozi ikaanza kuwa nyeupe pembeni ya waya, akaacha kucheka. Nikawauliza mngefanyaje. Mmoja akasema kata waya, haukatiki kwa meno. Kimya kidogo, halafu yule mdogo kabisa, wa miaka sita, akapiga magoti akaanza kuchimba udongo kwenye kigingi. Ndivyo kitabu kinavyosema, wanachimba kigingi na kukitafuna mpaka kinakatika, na Kishungi anapona akiwa ameshaanza kutoka damu. Yule mtoto hajasoma hata ukurasa mmoja. Alifikiri kama sungura kwa sababu alikuwa chini, usawa wao.

Kila baada ya siku tatu nne weka hadithi moja ya El-ahrairah. Huyu ni sungura wa kale ambaye sungura wenyewe wanasimuliana, mjanja, mwizi wa mboga za mfalme, ukisikia utasema huyu si Sungura wetu anayemchezea Fisi! Watoto wanamtambua mara moja. Ile ya baraka ndo uanze nayo. Frith, ambaye ni jua, anawapa wanyama wengine meno na kucha za kumwinda, El-ahrairah kasikia anachimba shimo kwa hofu, Frith anafika anakuta makalio tu ndo yako nje, anamwita aje abarikiwe, jibu linatoka shimoni kwamba ana kazi, ambariki makalio. Basi yakabarikiwa, mkia ukawa mweupe na miguu ya nyuma ikapata nguvu. Bibi yao alicheka kuliko wote. Lakini ujue tofauti, kwenye hadithi zetu Sungura haumii, kesho yuko mzima. Hapa mjanja yuko ndani ya hadithi, na wanaoisikiliza ni sungura wanaotoka damu, wenye njaa, wanaomhitaji ili wapate moyo wa kulala. Nadhani hapo ndo Adams aliwazidi wengi, alikuwa amepita vitani, na Hazel alimtengeneza kwa kumkumbuka mkuu wake jeshini, Meja John Gifford, Kishungi akamtoa kwa Kapteni Paddy Kavanagh.

Simulizi ya Holly, sungura aliyebaki nyuma akawafuata baadaye, jinsi shimo la zamani lilivyozibwa na kupulizwa hewa ya sumu, ni nzito. Kwa walio chini ya miaka minane nilisema tu watu walikuja wakaziba, wachache wakatoka. Wakubwa niliwamalizia kesho yake mchana tukichambua maharage, kwenye mwanga.

Jenerali Woundwort, sungura dikteta wa ukoo mwingine anayekuja kuwashambulia, mpe sauti ndogo. Watu wengi wakisimulia dikteta wanapiga kelele, huyu asipige. Sogeza kabati kidogo lisimame karibu na ukuta, pabaki njia ya mtu mmoja, Kishungi akae ndani, Jenerali aje. Mwache mtoto mkubwa awe Jenerali. Kishungi kaumia, anaambiwa atoke, anajibu kwamba mkuu wake amemwambia ailinde njia hii. Hapo simama. Jenerali alidhani Kishungi ndo mkuu, sasa anawaza kama huyu ana mkuu, huko ndani kuna sungura mkubwa kiasi gani? Na watoto wote wanajua mkuu ni Hazel, mdogo, mguu uliwahi kupigwa risasi, anachechemea, na saa hiyo yuko shambani kwa binadamu anakwenda kumfungulia mbwa. Usiku ule hakuna aliyetaka kwenda kulala na mkaa ulikuwa umeshakuwa majivu. (Mlango wa jiko uache wazi kidogo kila siku, hewa ya mkaa inaua.)

Kipande cha mwisho ni kifupi, kisimulie peke yake, siku yake. Hazel amezeeka, asubuhi ya baridi, mgeni anakuja shimoni, masikio yanang'aa, anamwalika waende wote. Hazel anauacha mwili wake pembeni ya mtaro kama mtu anavyoacha koti, anawaangalia wenzake kwanza, halafu anaruka. Usiseme amekufa, neno hilo halihitajiki. Mwaka jana nilipofika hapo yule wa miaka sita aliuliza kama Kaelfu alijua. Nikamwambia kitabu hakijasema. Akasema alijua, akavuta blanketi, na wenzake wakaanza kubishana.