Namna ya kumtambua ndege mwimbaji wa vichakani anayefika Dodoma msimu wa mvua

Wiki iliyopita nilishinda na binamu yangu kwenye korongo moja upande wa Hombolo. Siku tatu alikuwa akimsikia ndege asiyemjua, hamwoni. Tulimpata: kwa jina la kisayansi Luscinia luscinia, anayezaliana Ulaya ya mashariki na Urusi, kisha akashuka huku kwetu baridi inapoanza kwao. Uzito wake ni gramu 25 hivi.

Hatua ya 1. Nenda kati ya Desemba na Machi, alfajiri, kwenye kichaka kizito kando ya korongo.

Hatua ya 2. Sikiliza kabla ya kutafuta. Huimba hata akiwa ugenini: sauti nene, chok-chok-chok, halafu mkwaruzo mkavu kama kayamba. Ndugu yake Luscinia megarhynchos, ambaye naye hufika Afrika Mashariki, hupiga miluzi mirefu inayozidi nguvu, piu-piu-piu. Huyu wetu hana miluzi hiyo. Tafadhali usimchezee wimbo wake kwenye simu ili atoke. Ana safari ya maelfu ya kilomita mbele yake, mwache ale. Simu ni ya kurekodi.

Hatua ya 3. Kaa chini, utulie. Darubini iwe ya 8x, yaani inayokuza mara nane. Ya 10x hutikisika mkononi na eneo inaloonyesha ni finyu.

Hatua ya 4. Mkia na kifua. Hapa ndipo mwaka wangu wa kwanza nilipoteza asubuhi nzima. Niliona mkia mwekundu nikaandika jina, kumbe ni mwenyeji. Vichaka vyetu vina ndege wenyeji wenye mkia wa rangi hiyo, lakini wao wana mstari mweupe juu ya jicho, weupe kwenye bawa na ncha nyeupe za mkia. Mgeni hana weupe huo.

Ukishawaondoa wenyeji, anabaki yule ndugu yake. Vitabu vitakuambia luscinia ni wa kijivujivu na megarhynchos ni mwekundu. Usiishie hapo, kwa sababu megarhynchos wa kutoka Asia naye amefifia, karibu kijivu. Tena udongo wetu mwekundu ukipigwa na jua hupaka rangi tumbo na mkia wa kila ndege aliye chini. Subiri aingie kivulini. Binamu alitaka kuandika mapema, nikamzuia. Dakika arobaini baadaye ndege akaruka juu ya majani makavu, akainua mkia, akageuka. Kifua kilikuwa na mabaka hafifu ya kijivu, kama kitambaa kilichofuliwa kikabaki na madoa. Mkia ulikuwa wa kahawia iliyokolea, wekundu wake umefifia. Megarhynchos kifua chake ni safi na mkia unang'aa. Ukikosa kuona kifua vizuri, andika "mmoja wa hawa wawili". Hiyo nayo ni kumbukumbu halali.

Hatua ya 5. Andika tarehe, saa, mahali na ulichokiona hasa, papo hapo, kabla ya kufungua kitabu. Kisha pandisha kwenye eBird, tovuti ya kuhifadhi kumbukumbu za ndege, pamoja na sauti uliyorekodi.