Kibali cha septiki Dar: chora shimo kabla hujachimba

Wakuu, simu ninazopigiwa nyingi zina swali lile lile, "fundi, kibali cha septiki nakikata wapi?" (septiki ni lile tanki la chini ya ardhi linalopokea maji ya choo). Nikimuuliza mtu amefikia wapi ananiambia shimo tayari, tofali zimepanda, tunasubiri mfuniko tu. Hapo ushachelewa bosi. Mimi nachora ramani na kusimamia mifumo ya maji taka ya majumbani hapa Dar, na kitu cha kwanza kieleweke: kwa nyumba ya kuishi hutakuta dirisha la peke yake la septiki. Mfumo wako unapita ndani ya kibali cha ujenzi cha manispaa, ni karatasi mojawapo kwenye lile faili la ramani, na hiyo ndo karatasi watu wanaidharau kuliko zote halafu ndo inayorudisha mafaili.

Hatua ya 1: ulizia bomba kwanza
Kabla hujafikiria shimo nenda DAWASA (mamlaka ya maji ya Dar) ukaulize kama mtandao wa majitaka unapita karibu na kwako. Maeneo kama katikati ya jiji, Kariakoo na Upanga mabomba yapo. Kama yapo unaomba kuunganishwa na mambo ya kunyonya choo unayasahau. Sehemu kubwa ya Dar haina, kwa hiyo wengi wetu tunaendelea hatua ya pili.

Hatua ya 2: makaratasi ya kiwanja
Hati, au barua ya toleo, au leseni ya makazi, pamoja na risiti ya kodi ya ardhi. Una ile karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa tu? Anza na afisa mipango miji akuangalizie kama kiwanja kipo kwenye mchoro wao na matumizi yake ni makazi, maana kuna watu wamenunua eneo la wazi bila kujua, na huyo hata septiki ya dhahabu haimsaidii.

Hatua ya 3: jaribu udongo
Hapa wengi wanaruka. Chimba shimo mpaka kina ambacho sokawei itafikia (sokawei ni lile shimo la kunywea maji yanayotoka kwenye septiki), chini kabisa tengeneza kishimo kidogo cha sentimita 30 kwa 30, jaza maji yaache yanywewe, kesho yake jaza tena halafu kaa na saa uhesabu yanachukua dakika ngapi kushuka inchi moja. Ikizidi saa nzima hapo sokawei haifai, udongo ni mfinyanzi, utakuja kufurika tu. Na kama una nafasi fanya mwezi wa nne masika imekolea, ndo utajua maji ya chini yanapanda mpaka wapi. Kitako cha sokawei kinatakiwa kiwe juu ya hayo maji angalau mita 1.5, la sivyo unamwaga choo moja kwa moja kwenye maji ya watu. Ukikuta maji yako juu sana, mwambie mchoraji mapema afikirie sokawei pana yenye kina kifupi au uwanja wa mabomba yenye matundu.

Hatua ya 4: mchoro
Kwenye ramani ya kiwanja septiki, sokawei na chemba zote zionekane na vipimo vyake, halafu kuwe na karatasi ya peke yake inayoonyesha septiki kwa juu na ikiwa imekatwa ubavuni. Ukubwa, mafundi wengi tunatumia hesabu ya zamani ya Waingereza: idadi ya watu mara lita 180, jumlisha 2,000. Familia ya watu 8 inakuja lita 3,440, kwa hiyo tanki ambalo kwa ndani lina urefu mita 2.4, upana mita 1, kina cha maji mita 1.5 linatosha na chenji inabaki. Juu ya maji acha sentimita 30 za hewa. Gawa vyumba viwili, cha kwanza kichukue theluthi mbili. Bomba la kuingilia liwe juu ya la kutokea kwa sentimita 5 hadi 7.5, yote mawili yawe na T (kile kiungo cha bomba chenye umbo la herufi T), na bomba la kupumulia usilisahau. Bomba la inchi 4 kutoka ndani lishuke sentimita 2.5 kila mita.

Sasa umbali. Kutoka kwenye kisima kipimo kinachotumika sana ni mita 30. Viwanja vyetu vingi ni ishirini kwa ishirini, chukua tepu pima kona hadi kona, unapata mita 28 na kidogo. Yaani kisima na sokawei ndani ya kiwanja kimoja cha namna hiyo haviwezi kuelewana hata uvipeleke kila kimoja kona yake. Na kisima chenyewe si lazima kiwe chako! Mimi mwenyewe niliwahi kupeleka ramani safi kabisa, afisa afya akaja saiti, akachungulia juu ya ukuta akaona ndoo na kamba kwa jirani, mita kama 6 kutoka nilipochora sokawei. Faili likarudi, mteja kaninunia wiki mbili, na haki yake. Tangu siku hiyo kabla sijachora nagonga mageti ya majirani wote naulizia visima.

Ukishamaliza visima fikiria gari la kunyonya. Mtu anaweka septiki nyuma ya nyumba kabisa, pembeni ukuta, mpira wa gari upite wapi, sebuleni? Iweke upande gari linapoweza kufika, usiiegemeze kwenye mpaka wala msingi. Mimi sokawei siisogezi karibu na msingi zaidi ya mita 3.

Hatua ya 5: muone afisa afya kabla ya kutuma
Mtafute afisa afya wa kata, mwonyeshe mchoro, mwombe afike. Yeye ndo ataulizwa kuhusu choo faili likifika mezani, na kosa akilikuta kwenye penseli unalifuta, akilikuta kwenye zege unalia.

Hatua ya 6: tuma
Maombi yanapita mtandaoni, kwenye mfumo wa TAUSI wa TAMISEMI. Fungua akaunti kwa namba ya NIDA, pakia makaratasi na ramani za PDF zinazosomeka, sio picha ya simu yenye kivuli cha kichwa chako. Malipo ni kwa kontroo namba tu. Mtu akikwambia mtumie kwenye namba yake ya simu "akusukumie faili", achana naye. Wataalamu wa mipango miji, afya na ujenzi wanapitia, wakiwa na hoja inarudi kwako urekebishe. Kipindi unasubiri usichimbe, ukikutwa unapigwa ile X nyekundu ukutani na mtaa mzima unaisoma.

Hatua ya 7: ukaguzi
Kibali kikitoka jenga kama ulivyochora. Ukitaka kusogeza shimo hata mita 2 kwa sababu umekuta jiwe, rudi kwanza uombe marekebisho. Usifunike wala kufukia kabla mkaguzi hajaona T na ukuta wa kati, piga na picha ukiwa na tepu ndani ya shimo. Na tafadhali, lile bomba la siri la kutapisha choo mtaroni mvua ikinyesha, ambalo kuna mafundi wanalitoa kama ofa, likatae hapo hapo, ni kosa kisheria na harufu yake haina siri.

Ukishafukia pima kutoka kona mbili za nyumba hadi katikati ya mfuniko, andika namba hizo nyuma ya nakala ya kibali. Miaka mitano ijayo ushamwaga pevingi juu, gari liko getini linaunguruma, na hakuna anayekumbuka mfuniko uko wapi.