Kukausha nanasi Kiwangwa: upepo uachiwe njia

Kikaushio changu cha kwanza nilikiziba kila tundu, nikidhani joto likibanwa ndani nanasi litakauka upesi. Kesho yake nailoni ilikuwa inachuruzika maji kama mfuniko wa sufuria ya ubwabwa. Siku ya tatu vipande vikaota ukungu, nikamwagia kuku. Huku Bagamoyo jua tunalo. Kinachotusumbua ni unyevu wa pwani. Jua hulitoa tunda maji, lakini wa kuyabeba nje ni upepo.

Ninachotumia sasa ni sanduku la mbao lenye miguu, juu limewambwa nailoni angavu iliyolala mteremko ili mvua isituame. Sakafuni nimeweka bati lililopakwa rangi nyeusi. Matundu ya mbele yako chini, ya nyuma yako juu, yote yamezibwa kwa chandarua kwa ajili ya nzi. Hewa inaingia chini, inapata moto, inapanda na kutoka na mvuke. Trei ziwe za wavu wa plastiki. Wavu wa chuma huliwa na ukali wa nanasi, halafu unauza kutu.

Nanasi liwe limeiva, lisiwe limeanza kuchacha. Menya, toa macho na moyo, kata vipande vya milimita 6 hivi, vyote unene mmoja. Hapo usione uvivu: kipande kinene hukauka ngozi tu, ndani kikabaki kibichi, nacho ndicho kitakachoozesha mfuko mzima. Vipange visigusane. Saa mbili asubuhi viwe vimeshaingia, maana nanasi lililokatwa alasiri hulala na maji yake yote likachacha. Joto la nyuzi 50 hadi 60 linatosha. Jioni ingiza trei ndani ya nyumba uzifunike, umande wa usiku usirudishe ulichokitoa mchana.

Jua likiwa kali, siku mbili. Kukiwa na mawingu, tatu. Masika sijisumbui.

Kujua kama limekauka, kamata vipande gao moja, minya, achia. Vikiachana vyenyewe, tayari. Vikiganda, rudisha. Kilo 10 za vipande vibichi hunipa kilo moja na nusu hivi, kwa hiyo ukipanga bei kumbuka hesabu hiyo kabla mnunuzi hajakuonea.

Usifungashe siku hiyohiyo. Weka kwenye ndoo safi yenye mfuniko, usiijaze, itikise kila siku kwa wiki moja. Ukiona jasho ndani ya mfuniko, vyote virudi juani.

Mchicha na majani ya kunde ni mambo mengine. Chovya kwenye maji yanayochemka dakika mbili, tia maji baridi, chuja, kisha funika nailoni kwa kitambaa cheusi. Jua likiyapiga moja kwa moja hupauka na vitamini A hupotea. Yamekauka pale yanapovunjika kwa vidole kama karatasi.