Kabla ya kuwabadilishia panya chakula ili kuchunguza ini lenye mafuta: mambo ya kuzingatia

Amua kwanza unataka ugonjwa gani, ndipo uagize chakula. Ukitaka panya anenepe, insulini ishindwe kazi na ini lijae mafuta, chakula ambacho asilimia 60 ya nishati yake ni mafuta kinatosha. Makovu makubwa kwenye ini usiyatarajie. Ukitaka makovu upesi, kipo chakula kisicho na methionini wala kolini, virutubisho viwili ambavyo ini huvihitaji. Bila kolini ini hushindwa kutoa mafuta yake nje, likaharibika ndani ya wiki chache. Lakini panya huyo hukonda, tofauti kabisa na wagonjwa wengi wa hospitalini.

Chagua madume. Majike huchelewa kuugua.

Pa kuwa makini kuliko pote ni chakula cha kundi la kulinganishia. Mara nyingi kundi moja hupewa chakula cha kiwandani chenye namba D12492, ambacho asilimia 60 ya nishati yake ni mafuta, na jingine huachiwa chakula cha kila siku cha nafaka na soya. Wiki 16 zikipita maini yanatofautiana, na ripoti inaandikwa kwamba chanzo ni mafuta. Huwezi kusema hivyo! Vyakula hivyo vimetofautiana pia kwa nyuzinyuzi, sukari, aina ya protini na isoflavoni, kemikali za asili za soya ambazo hufanya kazi kama homoni ya estrojeni. Upungufu wa nyuzinyuzi peke yake hubadili bakteria wa utumbo. Agiza D12450J: mafuta asilimia 10, na sukrosi asilimia 7 ya nishati, sawa na D12492. Usipokee D12450B badala yake eti majina yanafanana. Hiyo ina sukrosi asilimia 35, na ini hutengeneza mafuta kutokana na sukari.

Hifadhi chakula kwenye friza na ubadilishe kilicho kizimbani mara mbili kwa wiki, kwa kuwa mafuta huchacha. Pima na makombo yaliyoanguka kwenye maranda, la sivyo utayahesabu kuwa yameliwa. Panya hula vinyesi vya wenzao, na wa kizimba kimoja huishia kuwa na bakteria wa utumbo wanaofanana, kwa hiyo gawa kila chakula kwenye vizimba kadhaa, kamwe si kimoja kikubwa.

Kabla ya kupasua, usiwanyime chakula usiku kucha: mafuta ya mwilini hukimbilia ini, hata la panya mzima likaonekana gonjwa. Kuwanyima kwa muda wa saa 4 hadi 6 tu, mchana, kunatosha. Kata pande lile lile la ini kwa kila panya, na kipande cha kupaka Oil Red O, rangi inayoonyesha mafuta, kigandishwe. Ukikipitisha kwenye nta, kemikali zake huyeyusha mafuta yote. Angalia pia joto la chumba, kelele, ugomvi wa madume, na kibali cha kamati ya maadili kiwe mkononi kabla panya hawajafika.