Jinsi ya Kurudia Jaribio la Galileo la Gololi na Ubao Ulioinama

Kitu kinachoanguka huenda mbio mno, na mwanzoni mwa karne ya 17 hapakuwa na saa iliyoweza kupima barabara muda wa anguko hilo. Galileo Galilei, aliyekuwa akifundisha hisabati Padua, Italia, alilikabili tatizo hilo kwa kuupunguza mwendo wenyewe: badala ya kuliacha tufe lianguke wima, aliliviringisha juu ya ubao ulioinama kidogo, kisha akaupima muda kwa maji. Maelezo yake aliyatoa katika kitabu kilichochapwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1638. Ninashauri jaribio hili lirudiwe kwa maji vilevile, bila saa ya simu, kwa kuwa uzuri wake umo katika jinsi muda unavyogeuzwa kuwa uzito unaosomeka kwenye mizani.

Ubao wa Galileo ulikuwa na urefu wa karibu mita 7, nao ulichongwa mfuo mwembamba ulionyooka, ukatandikwa ngozi laini, na tufe lake lilikuwa la shaba. Kwako wewe ubao wa mita 2 unatosha, pamoja na gololi ya chuma isiyo na kutu wala mikwaruzo. Mwombe fundi seremala achonge mfuo mwembamba kuliko gololi, kisha upige msasa mpaka kidole kikipita kisihisi kikwazo chochote. Weka ubao mahali tambarare, hakikisha kwa pimamaji (kifaa cha fundi cha kupimia usawa) kwamba haukulala ubavu, halafu inua ncha moja kwa sentimita 5. Kwa mwinamo huo gololi itachukua takriban sekunde 5 kufika chini. Usishawishike kuuinua zaidi, kwani muda ukiwa mfupi, kosa dogo la mkono huharibu kipimo kizima.

Saa ya maji ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa. Chukua ndoo pana, itoboe karibu na kitako, upachike mrija wenye kipenyo cha milimita 3 au 4, uzibe kandokando pasivuje, kisha uiweke juu ya meza. Upana wa ndoo una sababu yake: maji yakishuka sana kina, msukumo hupungua na mrija hutiririsha polepole zaidi, hivyo gramu moja ya mwisho haitakuwa na muda sawa na gramu moja ya mwanzo. Kwa hiyo rudisha maji ndooni baada ya kila kipimo. Kinga mrija kwa kikombe ambacho uzito wake umeshaupima kikiwa kitupu.

Kazi yenyewe ni hii. Ziba mdomo wa mrija kwa ncha ya kidole, na kwa mkono mwingine zuia gololi juu ya ubao kwa rula. Ondoa rula na kidole kwa wakati mmoja, bila kuisukuma gololi, na uzibe tena mara tu unaposikia ikigonga kizuizi cha chini. Pima maji yaliyoingia kikombeni. Rudia mara nyingi kwa urefu uleule, uchukue wastani. Galileo aliandika kwamba yeye alirudia mara mia moja kamili. Kisha sogeza kizuizi hadi robo ya urefu, yaani sentimita 50 kutoka pale gololi inapoanzia, ukapime upya.

Wengi hutarajia robo ya njia itumie robo ya maji, lakini mizani itaonyesha karibu nusu. Ikiwa njia nzima ilitoa gramu 100, robo yake itatoa gramu 50 hivi. Jaribu na urefu mwingine, na kila mara gawanya umbali kwa kipeo cha pili cha uzito wa maji: jibu litakaribia kuwa lilelile, maana umbali hukua kwa kipeo cha pili cha muda. Katika karne ya 20 mwanahistoria Alexandre Koyré alitilia shaka kwamba vifaa duni kama hivi vingeweza kutoa matokeo sahihi, mpaka mwanahistoria wa sayansi Thomas Settle alipolirudia jaribio na kuchapisha, mwaka 1961, kwamba vinaweza.

Unaweza pia kulithibitisha kwa sikio. Funga mikanda myembamba ya mpira kuuzunguka ubao kwenye sentimita 12, 48 na 108, ikiigusa gololi kwa shida, na uweke kizuizi kwenye 192. Nafasi kati ya alama hizo hupanuka kwa uwiano wa 1, 3, 5 na 7, ilhali milio hufuatana kwa mapigo sawa. Wapo wanahistoria wanaoamini kwamba Galileo, ambaye baba yake Vincenzo alikuwa mwanamuziki, alitumia njia inayofanana na hii.

Ukijaribu kukokotoa mchapuko wa mvutano wa dunia (yaani jinsi kasi ya kitu kinachoanguka inavyoongezeka kila sekunde) kutokana na vipimo hivi, utapata namba ndogo kuliko inavyotakiwa, hata kama umepima vizuri. Sehemu ya nguvu ya mteremko hutumika kuizungusha gololi, kwa hiyo juu ya ubao bapa hupata sehemu tano tu kati ya saba, yaani 5/7, ya mchapuko ambao ingeupata kama ingeteleza bila msuguano, na ndani ya mfuo hupungua zaidi. Upungufu huo ni uleule kwa kila urefu, ndiyo maana kanuni ya kipeo cha pili haiathiriki.