Somo: Kuwasha Linux ya RISC-V ndani ya laptopu yako kwa QEMU

Asalaam aleykum wana. Vijana wengi hapa Wete wananiuliza wataanza vipi kuujua mfumo endeshi kwa ndani, na bodi ya RISC-V (jamii ya prosesa, mbali na hizi za Intel) hawana, na kuiagizia mpaka ifike Pemba ni mtihani. Bodi huihitaji yakhe. QEMU inakuundia prosesa ya kuigiza ndani ya laptopu yako, na keneli, yaani kiini cha Linux, inaamka juu yake vile vile kama iko kwenye mashine ya kweli.

Tia programu kwanza, mie natumia Ubuntu 22.04:

sudo apt install qemu-system-misc opensbi

Halafu daunlodi Buildroot, ndio inayokujengea keneli na diski, ifungue, ingia ndani ya folda lake:

make qemu_riscv64_virt_defconfig
make source
make

Hiyo ya katikati msiiruke. make source inavuta kila kitu kwa mpigo inaweka kwenye folda la dl, baada ya hapo unajenga hata bila bando, mie nilivuta nikiwa mjini Unguja kwenye waifai ya jamaa yangu nikapanda boti na laptopu nikaja kujenga nyumbani usiku. Inachukua muda, iwache.

Ikimaliza ingia output/images. Image ndio keneli, rootfs.ext2 ndio diski. Piga yote hii mstari mmoja:

qemu-system-riscv64 -M virt -m 512M -nographic -kernel Image -append "root=/dev/vda rw console=ttyS0" -drive file=rootfs.ext2,format=raw,id=hd0,if=none -device virtio-blk-device,drive=hd0

Hapa sasa mtulie, msisubiri login tu, someni yale maandishi yanayopita. Wa mwanzo kutokea ni OpenSBI, programu ndogo inayoiandaa mashine kabla ya keneli, na jina lake kubwa, yuko mwanzo wa RAM kwenye anwani 0x80000000, tafuta palipoandikwa Next Address utaona 0x80200000, hapo ndipo anapomkabidhi keneli. Keneli naye anaanza na Linux version, anatafuta diski, akiipata anamwita init, programu ya kwanza ya kwenye diski, ndio unapata login. Watatu hao wanapokezana kijiti, ukijua nani alikishika mwisho kabla haijaganda ushajua pa kutafuta. Mie nilimaliza wiki nzima nabadilisha keneli na kosa lilikuwa kwenye mstari wa diski, na skrini ilikuwa ikinambia tangu siku ya kwanza.

Ingia kwa root, neno la siri hakuna. Andika uname -m, ikijibu riscv64 mambo tayari. Kutoka: Ctrl na A, achia, halafu X.

MASUALI

Suali: Maalim, yangu inasema Unable to mount root fs on unknown-block(0,0), nimerudia mara tatu.
Jibu: Keneli yako nzima, diski ndio hajaiona. Tazama -device usiwe umeisahau (id=hd0 na drive=hd0 zikitofautiana jina, QEMU yenyewe inakataa kuanza, hufiki hata hapo). Wengi wanaisahau hiyo.

Suali: Umeme ulikatika make ikiwa katikati, nianze upya kabisa?
Jibu: La, piga make tena, itaendelea na vilivyobaki. Kikigoma kifurushi kimoja, mfano keneli, piga make linux-dirclean kisha make.

Suali: Mbona inakwenda pole pole, na laptopu yangu ni mpya?
Jibu: Dada yangu, prosesa yako ni ya Intel, haiijui lugha ya RISC-V, kwa hiyo QEMU inakaa inatafsiri kila amri. KVM, ile njia ya kuiachia prosesa ya kweli ifanye kazi moja kwa moja, haitakusaidia hapa, hiyo mpaka prosesa ya ndani na ya nje ziwe jamii moja.

Suali: Naweza kuisimamisha kabla haijaanza, niione amri ya mwanzo kabisa?
Jibu: Suali zuri hili. Ongeza -S -s mwisho wa komandi, itaganda inakusubiri. Terminali ya pili fungua gdb-multiarch, programu ya kuchungulia programu nyingine inavyokwenda, andika target remote :1234, utaikuta imesimama 0x1000, hata OpenSBI bado. Piga stepi, inasogea amri moja moja.