WBC imepanda? Taja dawa unazotumia kabla ya kuogopa

Karatasi ya FBP (kipimo cha damu kamili) ikionyesha WBC, yaani chembe nyeupe za damu, 15.2 (elfu kwa mikrolita) na kishale kinachotazama juu, usikimbilie kuwaza saratani. Mimi nipo maabara hapa Tanga, na swali langu la kwanza huwa: umetumia dawa gani wiki hii?

Hatua ya 1: Orodhesha dawa zote, na saa ulizotumia.
Sindano, dripu, dawa ya kuvuta, zote. Bibi mmoja wa Ngamiani aliniapia hatumii dawa. Nikamwomba afungue kipochi. "Hizi si dawa mwanangu, ni za kifua tu." Zilikuwa prednisoloni, dawa ya steroidi, siku ya nne.

Hatua ya 2: Kaa utulie robo saa kabla ya kutolewa damu.
Ukinyonga baiskeli kutoka Pongwe na jua lile, adrenalini hubandua chembe nyeupe zilizoegemea kuta za mishipa na kuzirudisha kwenye mkondo. Ni suala la dakika tu. Maumivu na hofu ya sindano hufanya vivyo hivyo.

Hatua ya 3: Piga hesabu.
Hapa ndipo wengi huteleza, hata sisi wa maabara. Chembe nyeupe zina aina kadhaa, zikiwemo neutrofili, limfosaiti na eosinofili, na asilimia ya kila aina peke yake hudanganya. Bibi alikuwa na WBC 15.2, neutrofili 86%, limfosaiti 9%, eosinofili 0. Zidisha: 15.2 × 0.86 ni 13.1, wakati kawaida ni kama 2 hadi 7. Limfosaiti 1.4, ziko upande wa chini.

Prednisoloni hufungua ghala la uboho, hubandua neutrofili ukutani, kisha huzizuia zisitoke kwenye mishipa kwenda kwenye nyama za mwili. Zinarundikana barabarani. Limfosaiti na eosinofili hupungua. Ila maambukizi makali nayo huleta sura kama hiyo, kwa hiyo nikaweka slaidi chini ya hadubini: chembe changa zikiwa nyingi, au neutrofili zikijaa chengachenga nzito, hapo nashuku bakteria. Za bibi zilikuwa zimekomaa, safi, na homa hakuwa nayo.

Hatua ya 4: Mjamzito ana kipimo chake.
WBC 14 kwa mjamzito si habari. Wakati wa uchungu hufika hata 25. Akichomwa deksamethasoni, steroidi nyingine, ili kukomaza mapafu ya mtoto, hupanda zaidi.

Hatua ya 5: WBC ikishuka, tazama neutrofili.
Tibakemikali (dawa za saratani) huzishusha zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14. Septrini, zidovudini ya VVU na kabimazoli ya tezi nazo huweza kuzishusha. Neutrofili chini ya 0.5 pamoja na homa ya 38: hospitali usiku huohuo, usingoje kukuche. Anayemeza kabimazoli akiumwa koo ghafla, au akipata homa, asimeze kidonge kingine mpaka damu ipimwe, na ipimwe siku hiyohiyo.

Lakini neutrofili 1.2 kwa mtu mzima asiyeumwa mara nyingi ni maumbile. Wengi wetu chembe nyekundu zetu hazina alama iitwayo Duffy; kuikosa hukinga kwa kiasi kikubwa dhidi ya aina ya malaria iitwayo vivaksi, na huendana na neutrofili chache.

Hatua ya 6: Usiache prednisoloni kwa sababu ya namba.
Pembeni mwa majibu ya bibi niliandika "prednisoloni, siku ya 4", daktari akaelewa. Alipomaliza dozi, baada ya wiki tatu akarudi: WBC 6.8. Safari hii kipochi alikifungua mwenyewe kabla sijauliza.